Leseni ya usanifu wa mandhari kwa waliosajiliwa katika jimbo lingine (Marekani)

Leseni ya usanifu wa mandhari kwa waliosajiliwa katika jimbo lingine ni kibali ambacho jimbo moja la Marekani humpa msanifu wa mandhari aliyekwisha kupata leseni katika jimbo lingine la nchi hiyo. Kwa kibali hicho mhusika anaweza kufanya kazi katika jimbo la pili bila kurudia masomo, mafunzo ya kazini na mitihani aliyokwisha kumaliza.

Nchini Marekani hakuna leseni ya kitaifa ya usanifu wa mandhari. Majimbo yote 50, Wilaya ya Columbia na Puerto Rico yana sheria zao na bodi zao. Kwa sababu hiyo leseni ya jimbo moja haina nguvu katika jimbo lingine, hata kama majimbo hayo yanatenganishwa na mto tu. Ofisi iliyoko Cincinnati katika jimbo la Ohio inaweza kuona mji wa Covington ng'ambo ya mto, lakini Covington uko Kentucky. Msanifu wa Cincinnati anayetaka kutia muhuri michoro ya bustani ya umma ya Covington anahitaji leseni ya Kentucky. Hali ni hiyohiyo katika mji wa Kansas City, ambao umekaa pande mbili za mpaka wa Missouri na Kansas, na katika eneo la Washington, ambako mtu anaweza kuwa na kazi katika Wilaya ya Columbia, Virginia na Maryland kwa wakati mmoja.

Taaluma yenyewe

Usanifu wa mandhari ni taaluma ya kupanga na kuchora maeneo ya nje: bustani za umma, viwanja vya michezo ya watoto, maeneo ya shule na hospitali, kando za barabara, fukwe, makaburi na viwanja vya majengo. Watu wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni kupanda maua na miti tu, lakini sehemu kubwa yake inahusu ardhi na maji. Msanifu wa mandhari huamua ardhi ichongwe kwa mteremko gani, maji ya mvua yaelekezwe wapi, ukuta wa kuzuia udongo ukae wapi, na njia za miguu zipite vipi.

Makosa katika kazi hiyo yanaweza kuleta madhara. Mteremko ukielekezwa vibaya, maji huingia katika nyumba za jirani. Ukuta wa kuzuia udongo usiopitisha maji unaweza kuanguka. Njia ya mteremko ikiwa kali kupita kiasi, mtu anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kuipanda au anaweza kupinduka. Chini ya viwango vinavyotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu, njia ya mteremko ya kawaida haitakiwi kupanda zaidi ya kipimo 1 kwa kila vipimo 12 vya urefu. Njia ya kawaida ya miguu haitakiwi kuzidi 1 kwa 20, la sivyo inahesabiwa kuwa njia ya mteremko nayo inatakiwa kutimiza masharti yake. Madhara ya namna hiyo ndiyo sababu inayotolewa na majimbo ya kudai leseni.

Sababu ya kila jimbo kuwa na leseni yake

Marekebisho ya 10 ya Katiba ya Marekani, yaliyothibitishwa mwaka 1791, yanaacha mikononi mwa majimbo na ya wananchi madaraka ambayo katiba haikuyakabidhi kwa serikali ya shirikisho. Kati ya madaraka hayo ni mamlaka ya kulinda afya, usalama na ustawi wa watu. Mwaka 1889 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Dent dhidi ya West Virginia, ilikubali kwamba jimbo linaweza kumzuia mtu kufanya kazi ya uganga bila cheti kilichowekwa na sheria. Hukumu hiyo ilihusu madaktari, lakini imekuwa msingi wa leseni za taaluma nyingi nyingine.

Mamlaka ya majimbo yana mipaka yake. Mwaka 1985, katika kesi ya Mahakama Kuu ya New Hampshire dhidi ya Piper, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtu uwakili kwa sababu tu haishi ndani ya jimbo hilo. Hivyo jimbo linaruhusiwa kupima uwezo wa mwombaji, lakini haliruhusiwi kumfungia mlango kwa kuwa ni mgeni tu.

Historia

Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, waliochora Central Park ya New York kwa mashindano ya mwaka 1858, ndio waliolieneza jina la msanifu wa mandhari nchini Marekani. Chama cha Wasanifu wa Mandhari cha Marekani (ASLA) kiliundwa New York tarehe 4 Januari 1899 na watu 11. Miongoni mwao alikuwepo mwanamke mmoja, Beatrix Jones, ambaye baadaye alijulikana kama Beatrix Farrand. Mwaka 1900 Chuo Kikuu cha Harvard kilianzisha masomo ya taaluma hiyo.

Kwa muda mrefu mtu yeyote aliweza kujiita msanifu wa mandhari. California ilikuwa jimbo la kwanza kuidhibiti taaluma hiyo, kwa sheria ya mwaka 1953. Majimbo mengine yalifuata moja baada ya jingine, na mengine yalichelewa sana: Colorado ilipitisha sheria yake mwaka 2007 tu.

Kwa kuwa sheria zilitungwa kwa nyakati tofauti, hazikufanana. Kuna sheria za aina mbili. Aina ya kwanza inalinda jina: yeyote anaweza kufanya kazi, lakini ni mwenye leseni tu anayeruhusiwa kujiita msanifu wa mandhari. Aina ya pili inalinda kazi yenyewe: asiye na leseni haruhusiwi kuifanya, hata akijiita kwa jina lingine. Majimbo mengi leo yana sheria ya aina ya pili. Tofauti hiyo ni muhimu kwa anayehama, kwa sababu kazi iliyokuwa halali kwake bila leseni katika jimbo la kwanza inaweza kuwa kosa katika jimbo la pili.

Bodi za majimbo ziliunda chombo cha pamoja, yaani Baraza la Bodi za Usajili wa Wasanifu wa Mandhari, linalojulikana kwa kifupi cha CLARB. Wanachama wake ni bodi za Marekani pamoja na bodi kadhaa za Kanada. Baraza hilo halitoi leseni. Kazi yake ni kuandaa mtihani wa pamoja, kutunza kumbukumbu za wasanifu na kupendekeza viwango ambavyo bodi zinaweza kuvifuata.

Masharti ya leseni ya kwanza

Ili kuelewa jinsi leseni ya jimbo la pili inavyotolewa, ni lazima kujua leseni ya kwanza inapatikanaje. Kwa kawaida jimbo hutazama mambo matatu: elimu, uzoefu na mtihani.

Elimu inayokubalika kila mahali ni shahada ya usanifu wa mandhari kutoka chuo kilichoidhinishwa na Bodi ya Ithibati ya Usanifu wa Mandhari (LAAB). Majimbo mengi hukubali pia njia nyingine, kama vile shahada ya fani ya karibu ikiambatana na miaka mingi zaidi ya kazi. Baadhi yao humkubali hata mtu asiye na shahada, mradi awe amefanya kazi kwa miaka mingi chini ya msanifu mwenye leseni. Mengine hayamkubali kabisa.

Uzoefu ni kazi iliyofanywa chini ya usimamizi wa mwenye leseni. Mwenye shahada iliyoidhinishwa mara nyingi hudaiwa miaka miwili hivi, ingawa idadi hutofautiana kati ya jimbo na jimbo.

Mtihani unaotumika ni ule wa CLARB, unaojulikana kama LARE. Ulianza miaka ya mwanzo ya 1990, ukichukua nafasi ya mtihani wa pamoja uliotangulia. Una sehemu nne, na tangu mwaka 2012 zote hufanywa kwa kompyuta. Mpangilio wa sehemu hizo ulibadilishwa Desemba 2023, na sasa ni:

1. uchunguzi na uchambuzi wa eneo pamoja na usimamizi wa miradi;
2. upangaji na usanifu;
3. nyaraka za ujenzi na usimamizi wake;
4. uchongaji wa ardhi, mifereji na udhibiti wa maji ya mvua.

Mtihani ni uleule kwa watahiniwa wote, popote walipo. Aliyefaulu sehemu zote nne akiwa Texas amefaulu mtihani uleule unaodaiwa na Maine. Jambo hilo ndilo linalowezesha leseni ya jimbo moja kutambuliwa na jingine. Bila mtihani wa pamoja, kila bodi ingelazimika kuchunguza upya uwezo wa kila mgeni.

Njia za kutambua leseni

Sheria za majimbo hutumia majina mbalimbali kwa jambo hili, na mara nyingine hata maofisa wenyewe huyachanganya. Kwa maana halisi kuna njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya kutendeana sawa. Jimbo A linawapokea wasanifu wa jimbo B kwa sababu jimbo B nalo linawapokea wa jimbo A. Hapa kinachotazamwa ni makubaliano au desturi kati ya majimbo mawili.

Njia ya pili ni ya ulinganifu wa masharti. Bodi humtazama mwombaji mwenyewe: je, masharti aliyotimiza alipopata leseni yake yanalingana na masharti ya jimbo hili? Kama yanalingana kwa kiasi cha kutosha, hupewa leseni, bila kujali jimbo lake linawatendeaje wageni. Njia hii ndiyo iliyo ya kawaida kwa wasanifu wa mandhari.

Njia ya tatu ni ya utambuzi wa jumla. Jimbo halilinganishi masharti ya zamani. Linauliza tu kama mwombaji ana leseni hai ya kazi ileile, ameishikilia kwa muda uliowekwa, na hana doa la nidhamu.

Katika mazungumzo ya kila siku njia zote tatu huitwa kwa jina moja la kutambuliana, lakini mwombaji anahitaji kusoma sheria ya jimbo husika ili ajue ni ipi inayotumika.

Hatua za maombi

Utaratibu hutofautiana, lakini kwa jumla mwombaji hupitia hatua zifuatazo:

1. Hujaza fomu ya maombi ya bodi ya jimbo jipya na kulipa ada, ambayo mara nyingi hairudishwi hata ombi likikataliwa.
2. Huiomba bodi ya jimbo lake la kwanza ithibitishe kwamba leseni yake ni hai. Uthibitisho huo hutumwa na bodi moja kwa bodi nyingine. Nakala iliyoletwa na mwombaji mwenyewe kwa kawaida haikubaliki.
3. Matokeo yake ya mtihani, vyeti vya masomo na ushahidi wa uzoefu hutumwa kwa bodi mpya.
4. Hueleza kama amewahi kuadhibiwa na bodi yoyote au kutiwa hatiani na mahakama. Kuficha adhabu ndogo ya zamani kunaweza kuwa kosa kubwa kuliko adhabu yenyewe.
5. Hufanya mtihani wa ziada wa jimbo, kama upo.
6. Baada ya kupewa namba ya leseni, hutengeneza muhuri wenye jina lake, namba hiyo na jina la jimbo.

Ili kupunguza usumbufu wa hatua ya tatu, CLARB hutunza jalada la kila msanifu anayependa kujiandikisha. Jalada hilo lina masomo yake, waajiri waliothibitisha uzoefu wake, matokeo ya mtihani, leseni zake na taarifa za nidhamu. Anapoomba leseni mpya, baraza hutuma jalada lote kwa bodi husika. Anayetimiza viwango vya baraza hupewa pia cheti chake, ambacho bodi nyingi hukipokea kama ushahidi kwamba masharti yamelingana.

Faida ya jalada huonekana zaidi miaka inapopita. Msanifu mwenye umri wa miaka 50 anayeombwa kuthibitisha kazi aliyoifanya akiwa na miaka 25 anaweza kukuta kwamba msimamizi wake amefariki, ofisi imefungwa na barua hazipo tena. Uzoefu uliothibitishwa mapema na kuwekwa katika jalada haupotei kwa namna hiyo.

Masharti ya ziada ya majimbo

Majimbo kadhaa huongeza masharti yao. California ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Huko mwombaji, hata kama ana leseni ya jimbo lingine, lazima afaulu mtihani wa nyongeza wa jimbo hilo. Usimamizi uko chini ya Kamati ya Kitaalamu ya Wasanifu wa Mandhari, iliyo ndani ya Bodi ya Wasanifu Majengo ya California.

Sababu inayotolewa ni mazingira ya California yenyewe. Jimbo hilo lina ukame wa mara kwa mara, mioto ya nyika, matetemeko ya ardhi na sheria nyingi za mazingira. Kanuni yake ya matumizi bora ya maji katika bustani, iliyokazwa mwaka 2015 wakati wa ukame mkali, huweka kiwango cha juu cha maji ambacho bustani mpya inaruhusiwa kutumia. Msanifu aliyezoea mvua za Georgia anaweza kuwa hodari kwao na bado asijue kukokotoa kiwango hicho.

Masharti mengine ya ziada yanayopatikana katika baadhi ya majimbo ni maswali kuhusu sheria za jimbo, uchunguzi wa alama za vidole, au usajili wa kampuni. La mwisho husahaulika mara nyingi: msanifu anaweza kuwa na leseni yake binafsi, lakini kampuni anayoifanyia kazi nayo ikahitaji cheti chake kabla ya kutoa huduma ndani ya jimbo.

Wanaokwama

Kwa kijana mwenye shahada iliyoidhinishwa, miaka ya kutosha ya kazi na mtihani kamili, leseni ya jimbo la pili huwa suala la karatasi, ada na kusubiri. Wanaopata taabu ni makundi mengine.

Kundi la kwanza ni la waliopata leseni bila mtihani. Jimbo linapotunga sheria kwa mara ya kwanza, huwa na kawaida ya kuwapa leseni watu waliokuwa tayari wakifanya kazi hiyo. Leseni hiyo ni halali nyumbani, lakini bodi ya jimbo lingine inaweza kuikataa kwa kuwa mwenye leseni hana matokeo ya mtihani.

Kundi la pili ni la wasio na shahada ya fani hiyo. Wamepata leseni katika jimbo linalokubali uzoefu, wamefaulu mtihani uleule wa LARE, na pengine wamefanya kazi bila lawama kwa miaka 20. Wakihamia jimbo linalodai shahada, huweza kuambiwa kwamba hawafai.

Kundi la tatu ni la walioacha leseni yao ya kwanza kufa. Mtu hustaafu mapema, hulea watoto au hufanya kazi serikalini ambako hahitaji muhuri, kisha haendelei kulipa ada. Bodi nyingi hudai leseni iliyo hai, hivyo humlazimu kuifufua ya kwanza kabla ya kuomba ya pili.

Kundi la nne ni la wale ambao sheria ya jimbo lao imetoweka. Jambo hilo lilitokea Illinois. Sheria ya usajili ya jimbo hilo ilikuwa na tarehe ya mwisho, na bunge halikuifanya upya kabla ya kwisha, hivyo kuanzia mwanzo wa mwaka 2020 Illinois haikuwa na leseni ya usanifu wa mandhari. Wasanifu waliokuwa na leseni ya Illinois peke yake hawakupoteza elimu wala ujuzi wao, lakini walipoteza cheti hai cha kuonyesha kwingine. Sheria mpya ilisainiwa mwaka 2021 na usajili ukarudi mwaka 2022.

Mwaka 2021 wanachama wa CLARB walipitisha kiwango cha pamoja cha kupata leseni, chenye njia mbalimbali za elimu na uzoefu, ikiwemo njia ya asiye na shahada ambaye ana uzoefu mrefu. Lengo lake ni kwamba njia yoyote mtu aliyopitia nyumbani ikubalike pia kwingine. Kiwango hicho si sheria; kinapata nguvu pale tu jimbo linapokiingiza katika sheria au kanuni zake.

Kazi kabla ya leseni

Swali la kawaida ni hili: mteja wa jimbo lingine akipiga simu leo, msanifu afanye nini wakati ombi lake bado liko mezani? Jibu hutegemea jimbo. Baadhi ya sheria humruhusu mwenye leseni ya kwingine kuzungumza na mteja au kuleta pendekezo la kazi, mradi apate leseni kabla ya kuanza usanifu. Sheria nyingine huona kwamba hata kujitangaza au kushiriki zabuni ni kufanya kazi bila leseni.

Njia inayotumiwa na wengi ni kushirikiana na msanifu mwenye leseni ya jimbo hilo. Huyo ndiye anayesimamia kazi na kutia muhuri. Hata hivyo bodi hazikubali mtu atie muhuri michoro ambayo hakuisimamia. Kutia muhuri kwa ajili ya rafiki, bila kuipitia wala kuiongoza kazi, ni kosa la kinidhamu kwa mwenye muhuri, na linaweza kumgharimu leseni yake.

Sheria za utambuzi wa jumla

Mwaka 2015 Ikulu ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu leseni za kazi. Ilieleza kwamba zaidi ya robo ya wafanyakazi wa nchi hiyo walihitaji leseni, ilhali katika miaka ya 1950 walikuwa chini ya asilimia 5. Ripoti hiyo ilionyesha kwamba tofauti za masharti huwazuia watu kuhama kufuata kazi.

Mwaka 2019 Arizona ilipitisha sheria ya utambuzi wa jumla inayohusu kazi nyingi kwa pamoja. Mtu aliyehamia Arizona akiwa na leseni hai ya jimbo lingine kwa angalau mwaka mmoja, bila matatizo ya nidhamu, anaweza kupewa leseni ya kazi ileile. Wasanifu wa mandhari wa Arizona husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Kitaalamu ya jimbo hilo, pamoja na wahandisi na wasanifu majengo. Majimbo mengine kadhaa yalitunga sheria za mfano huo katika miaka iliyofuata.

Sheria hizo hazifanani. Ile ya Arizona ilitungwa kwa ajili ya anayehamia, hivyo haimsaidii moja kwa moja msanifu anayebaki kwao na kutaka mradi mmoja tu Phoenix. Huyo hurudi kwenye njia ya ulinganifu wa masharti. Majimbo mengine hayadai ukazi, na mengine yamebakiza sharti kwamba masharti ya majimbo mawili yalingane.

Wanajeshi na wenzi wao

Familia za wanajeshi huhamishwa mara kwa mara bila kuchagua. Mume au mke wa mwanajeshi aliye na taaluma yenye leseni huweza kuanza maombi mapya kila baada ya miaka michache. Sheria ya shirikisho iliyosainiwa Januari 2023 iliweka kanuni kwamba leseni ya mwanajeshi au mwenzi wake, ikiwa katika hali nzuri, itambuliwe katika jimbo wanakohamishiwa kwa amri ya jeshi, ilimradi masharti kadhaa yatimizwe. Hii ni mojawapo ya mara chache ambapo serikali ya shirikisho imeingilia moja kwa moja leseni za majimbo.

Mjadala

Wanaotaka masharti yalegezwe husema kwamba mtu hapungukiwi na ujuzi kwa kuvuka mpaka. Wanaongeza kwamba bodi nyingi zina wanataaluma wenyewe ndani yake, na kwamba hao wana faida katika kuwazuia washindani. Hoja hiyo ilipata uzito mwaka 2015, pale Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua dhidi ya Bodi ya Madaktari wa Meno ya North Carolina. Mahakama ilisema kwamba bodi inayotawaliwa na watu walio sokoni haina kinga dhidi ya sheria za ushindani, isipokuwa jimbo lenyewe liisimamie kikamilifu.

Wanaotaka masharti yabaki husema kwamba ardhi haifanani. Huko Minnesota udongo huganda kwa kina wakati wa baridi na kuinua misingi isiyochimbwa vya kutosha. Huko Florida vimbunga na maji yaliyo karibu na uso wa ardhi ndiyo hatari kuu. Mwaka 2019 CLARB, pamoja na mashirika ya wahandisi, wasanifu majengo na wahasibu, ilijiunga na muungano unaotetea leseni kwa taaluma za kiufundi. Msimamo wao ni kwamba taaluma hizo tayari zina mtihani wa pamoja na njia ya kuhama, na hazifai kuwekwa kapu moja na kazi zisizo na hatari kubwa kwa umma.

Pande zote mbili hukubaliana kwa sehemu. Mtihani wa pamoja haujapingwa sana na yeyote. Linalobishaniwa ni yale yanayoongezwa juu yake: aina ya shahada, idadi ya miaka na mitihani ya jimbo.

Waliosoma nje ya Marekani

Utaratibu huu unahusu leseni za majimbo ya Marekani na, kwa bodi kadhaa, zile za Kanada. Msanifu aliyesajiliwa katika nchi nyingine kwa kawaida hahesabiwi kuwa na leseni ya jimbo lingine. Shahada yake hutathminiwa kwanza, kisha hufanya mtihani wa LARE kama mwombaji mpya. Akishapata leseni ya jimbo moja, anaweza kutafuta nyingine kwa njia zilizoelezwa hapo juu.

Tatizo kama hilo lipo pia kati ya nchi. Umoja wa Ulaya una agizo la mwaka 2005 kuhusu kutambuana kwa sifa za kitaaluma. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kifungu cha 11 cha Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, kinazitaka nchi wanachama zitambuane sifa za elimu na taaluma.

Kuilinda leseni

Kila leseni huhuishwa kivyake. New York hudai usajili mpya kila baada ya miaka mitatu, California kila baada ya miaka miwili, na Texas kila mwaka. Majimbo mengi hudai pia saa kadhaa za elimu endelevu, na si lazima saa zilizokubaliwa na bodi moja zikubaliwe na nyingine. Mwenye leseni tano ana kalenda tano za kufuata.

Nidhamu nayo huvuka mipaka kwa urahisi kuliko leseni. Bodi nyingi humtaka mwenye leseni atoe taarifa akiadhibiwa kwingine, na adhabu ya jimbo moja inaweza kuwa sababu ya kuadhibiwa katika mengine yote.

Tazama pia
Usanifu majengo
Frederick Law Olmsted
Central Park
Katiba ya Marekani
Majimbo ya Marekani